Ilizimika au Ilizimwa? Trekta Kuukuu Inapokataa Kuwaka Tena

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii nimeiandika katika insha tangu darasa la nne bila hata kuifikiria, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa kumi mwaka jana, trekta ya babu yangu ilipogoma kuwaka katikati ya shamba la jirani. Wiki hiyo nilijionea kwa macho yangu kwamba swali moja dogo, swali ambalo hata mwalimu wetu wa Kiswahili angelipenda, laweza kuokoa ng'ombe wa maziwa.

Makala haya nawaandikia wenzangu ambao kwao kuna trekta kuukuu, mashine ya posho, pikapu ya zamani au chochote kinachotumia dizeli. Mimi si fundi. Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu ninayekwenda shule asubuhi na kurudi nyumbani jioni, na faida ya sisi wa kutwa ni kwamba mambo ya nyumbani hayatupiti. Nitaeleza niliyoyaona, niliyofundishwa, na kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa na mkono ndani yake.

TREKTA YENYEWE

Kwetu ni Mbeere, upande wa chini wa Embu, si mbali sana na Siakago. Huku mvua ni ya kuvizia. Ile ya mwezi wa kumi ndiyo tunayoitegemea zaidi kwa ndengu, kunde na mtama, na ikikupata hujalima umeachwa nyuma. Ndiyo sababu mwezi wa tisa na wa kumi kila mwenye trekta ni mfalme.

Babu yangu, au Guka kama tunavyomwita, ana Massey Ferguson 135. Aliinunua mwaka 1991 kutoka shamba moja la ngano upande wa Timau kule Meru, na wakati huo tayari ilikuwa imefanya kazi kwa mtu mwingine miaka mingi. Aina hii ilianza kuundwa mwaka 1964 katika mji wa Coventry, Uingereza. Mama yake, tukisema hivyo, ni ile Ferguson ndogo ya kijivu iitwayo TE20, iliyotengenezwa Coventry kati ya mwaka 1946 na 1956. Hizo zilitoka zaidi ya laki tano zikasambaa duniani kote.

Aliyezianzisha ni Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland mwaka 1884. Kabla yake, plau nyingi zilikokotwa nyuma ya trekta kama gogo linavyokokotwa na ng'ombe. Plau ikigonga jiwe, trekta iliweza kusimama kwa magurudumu ya nyuma na kumwangukia dereva. Ferguson alibuni mikono mitatu ya nyuma inayoshika plau ikawa kitu kimoja na trekta, na inayoinuliwa kwa nguvu za mafuta. Ukitazama trekta nyingi za leo, hata mpya kabisa, mikono hiyo bado iko.

Injini ya trekta ya Guka ni Perkins ya dizeli yenye silinda tatu na ukubwa wa lita mbili na nusu. Kwa umri huo wote, ukiisikia asubuhi ikinguruma utadhani ni kijana. Na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

YALIYOTUPATA

Jumamosi hiyo Guka alianza kulima alfajiri. Shamba lilikuwa la mama mmoja wa kikundi cha akina mama wanaopanda ndengu. Wanachama wake walikuwa wameshatoa malipo ya kwanza, na pesa hizo, nisikufiche, zilikuwa tayari zimelipa karo yangu ya muhula wa tatu. Kwa hivyo Guka alikuwa na deni la ekari, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Saa sita na nusu nilimpelekea githeri. Akavuta kishikio cha kuzimia, injini ikanyamaza, tukakaa chini ya mgunga tukala. Alipomaliza akapanda, akageuza ufunguo. Stata ilizunguka vizuri kabisa, wuu-wuu-wuu, lakini injini haikushika. Akajaribu tena na tena. Kimya. Tukaita vijana wa barabarani, tukasukuma hadi jasho likatutoka, wapi! Mwisho Guka akasema betri ipumzike.

Jua lilipotua, alipanda tena kwa kukata tamaa tu. Akagusa ufunguo mara moja. Ikawaka! Tukaangaliana kama watu walioona kioja.

Jumatatu ikawa vilevile. Asubuhi iliwaka bila taabu, mchana Guka akaizima ili aongeze mafuta, ikakataa katakata. Akaitwa fundi mmoja. Alikuja, akazunguka trekta mara mbili, akasikiliza stata, kisha akatangaza, "Mzee, hii injini imechoka. Ringi zimekwisha. Ni kufungua yote." Bei yake ilikuwa shilingi elfu sabini pamoja na vipuri. Guka hakusema neno. Aligeuza uso akaangalia ng'ombe wetu wa pekee wa maziwa. Jumatano jioni mnunuzi alikuja kumtazama huyo ng'ombe, akampapasa mgongo, akaahidi kurudi Ijumaa na pesa.

SWALI LA MZEE

Alhamisi nilipotoka shule nilikuta mzee mmoja mwembamba ameketi juu ya jerikani karibu na trekta. Jirani ndiye aliyemleta. Alikuwa fundi katika mashamba ya ngano ya Timau kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakuwa na haraka ya kushika spana. Alimtazama Guka, akauliza, "Niambie, mzee mwenzangu, ilizimika au ilizimwa?"

Guka akacheka. "Si ni mamoja? Trekta haiwaki."

"Hapana, si mamoja. Kama ilizimika yenyewe ikiwa kazini, tutatafuta kitu kilichoikata pumzi. Kama uliizima wewe, halafu ikakataa kuwaka, tutatafuta kitu kinachobadilika ikiwa moto."

Ndugu msomaji, wiki hiyohiyo darasani tulikuwa tukisoma mnyambuliko wa vitenzi. Zima, zimwa, zimika. Kutendwa kuna mtendaji nyuma yake, hata asipotajwa. Kutendeka ni jambo limejitukia. Nilikuwa nimeandika mifano kumi daftarini nikapata alama zote, na bado sikuwa nimeona kwamba tofauti hiyo ina kazi yoyote nje ya mtihani. Kumbe fundi naye huihitaji!

Guka akafikiri, akajibu, "Niliizima mimi mwenyewe. Mara zote mbili."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi huwaka mara moja."

"Basi ringi hazijaisha," mzee akasema, na Guka akainua kichwa.

INJINI YA DIZELI INATAKA NINI

Ili uelewe kwa nini mzee alisema hivyo, lazima kwanza ujue injini ya dizeli inavyowaka. Injini ya petroli ina plagi zinazotoa cheche. Ya dizeli haina. Aliyeibuni, Rudolf Diesel wa Ujerumani, aliandikisha wazo lake mwaka 1892 na akapata injini iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897. Wazo lenyewe ni rahisi. Umewahi kupiga pampu ya baiskeli kwa nguvu ukashika ncha yake? Huwa moto, maana hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya silinda, pistoni huibana hewa mpaka ikakaa katika nafasi ndogo kama mara 16 kuliko ile ya mwanzo, na joto lake hupita digrii 500. Wakati huohuo nozo hupuliza dizeli ikiwa laini kama ukungu. Dizeli ikigusa hewa hiyo huwaka yenyewe.

Kwa hivyo injini hii inahitaji mambo manne tu ili iwake: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate hewa, iibane hewa hiyo vizuri, na ipate dizeli kwa presha na kwa wakati wake. Ukikosa moja, hakuna moto.

Sasa, ringi ndizo zinazoziba pembeni mwa pistoni ili hewa isivuje ikibanwa. Ringi zikiisha, hewa huvuja na joto halifiki. Ni wakati gani joto ni shida zaidi? Ni asubuhi, chuma kikiwa baridi. Injini yenye ringi mbovu husumbua sana asubuhi. Yetu ilifanya kinyume kabisa, ikiwaka vizuri baridi na kukataa moto. Fundi wa kwanza alikuwa na spana nyingi, lakini hakuuliza ilikuwa saa ngapi.

KUTOKA CHA BURE HADI CHA PESA

Mzee alitufundisha kanuni moja: anza na kisichogharimu kitu, mwishie kwenye kinachogharimu. Kisha akapita hatua kwa hatua huku mimi nikiandika nyuma ya daftari la Jiografia. Hizi hapa.

Kwanza, sikiliza stata. Ikilia "ta!" na kunyamaza, au ikizunguka kwa uvivu, shida bado haijafika kwenye mafuta. Angalia vichwa vya betri. Vikiwa na unga mweupe, vioshe kwa maji moto, vikwaruze, vikaze. Fuata pia ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha trekta, maana kutu hujificha hapo. Washa taa kisha upige stata. Taa zikififia hadi kuzima, betri ni dhaifu au waya zimelegea. Taa zikibaki zinang'aa na stata iko kimya, umeme haufiki kwenye stata. Katika 135, ile gia ndogo ya kasi ya juu na ya chini lazima iwe katikati, la sivyo stata haitaitika. Watu wameita fundi kwa sababu ya gia hiyo tu! Yetu ilizunguka vizuri, tukapita.

Pili, angalia kishikio cha kuzimia. Injini ya dizeli kama hii ikishawaka haihitaji umeme tena, ndiyo sababu ukizima ufunguo inaendelea kunguruma. Huzimwa kwa kuvuta kishikio kinachokata dizeli kwenye pampu. Waya wake ukikwama, kishikio kinarudi lakini mkono wa pampu haurudi. Mwambie mtu akivute na kukirudisha huku wewe ukitazama kwenye pampu. Wetu ulirudi sawasawa.

Tatu, tazama moshi. Piga stata huku mwenzako akiangalia bomba la moshi. Moshi mweupe au wa kijivu ukitoka, dizeli inafika ila haishiki moto, kwa hivyo chunguza joto, hewa na ringi. Kusipotoka moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Mzee aliniita nikaangalie. Bomba lilikuwa safi kama la jiko lisilowashwa. Akatikisa kichwa na kusema, "Tumekaribia."

Nne, fuata dizeli tangu kwenye tangi. Je, imo? Bomba la tangi limefunguliwa? Kikombe cha kioo cha kunasa uchafu, kama kipo, kina maji chini? Maji hukaa chini ya dizeli na utayaona kama mstari. Halafu kifuniko cha tangi. Kifuniko kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Kikizibwa na matope, dizeli ikishuka tangi hujinyonya kama chupa ya plastiki ukiifyonza, na injini hufa baada ya kazi ya muda. Ukifungua kifuniko utasikia "fyuu", kisha inawaka. Lakini ona, msomaji, ugonjwa huo ni wa kuzimika. Sisi yetu ilizimwa. Hata hivyo mzee alikifungua, kwa sababu ni bure.

Tano, toa upepo. Hewa ikiingia kwenye njia ya dizeli, pampu hubana hewa badala ya mafuta, na hewa hunywea tu. Hii hutokea dizeli ikiisha kabisa au bomba likilegea. Legeza kidogo skrubu iliyo juu ya filta, kisha upige kwa kidole kile kileva cha pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini. Kileva kikicheza bila nguvu, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Povu litatoka, halafu dizeli safi, nawe kaza. Rudia kwenye skrubu mbili za pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozo, piga stata hadi dizeli itoke, kaza. Kwetu povu halikutoka. Dizeli ilikuja safi tangu mwanzo.

Hapo tulikuwa tumetumia saa nzima na shilingi sifuri.

KITAMBAA CHA MAJI

Mzee akasema injini ipashwe moto. Kwa kuwa jioni ilikuwa imepoa, iliwaka mara moja. Guka akalima kwa nusu saa, akarudi, akaizima. Akageuza ufunguo. Stata ikazunguka, injini kimya. Ugonjwa ulikuwa umekuja mbele ya daktari.

Mzee akaomba maji ya kisimani na kitambaa. Akaloweka kitambaa, akakizungushia ile pampu kubwa ya dizeli, akawa anakilowesha tena na tena kwa dakika kama kumi. Sisi tulisimama tu. Nyanya yangu alikuwa mlangoni, na nadhani alikuwa akiomba. Kisha mzee akamwambia Guka, "Piga."

Ikawaka papo hapo!

Maelezo yake yalikuwa haya. Ndani ya pampu hiyo mna chuma kinachozunguka ndani ya chuma kingine, na nafasi iliyo kati yake ni nyembamba mno, haifikii hata unene wa unywele. Hakuna oili inayovilainisha. Dizeli yenyewe ndiyo oili yao. Vikilika, nafasi inapanuka na dizeli inavuja ndani kwa ndani badala ya kwenda kwenye nozo. Asubuhi dizeli ikiwa baridi ni nzito kidogo, huvuja polepole, presha inatosha. Mchana pampu ikiwa moto, dizeli inakuwa nyepesi na inavuja upesi. Injini ikiwa inanguruma huoni tofauti, kwa sababu pampu inazunguka kwa kasi na kufidia. Lakini stata huizungusha polepole, na kwa mwendo huo kinachovuja kinashinda kinachokwenda. Kupoza pampu huirudishia dizeli uzito wake kwa muda.

Kwa hivyo kitambaa si dawa, ni kipimo. Kinakuambia mgonjwa ni pampu, na kwamba injini ni nzima. Dawa ni kuipeleka pampu kwa wenye mashine ya kupimia pampu, ibadilishwe sehemu zilizolika, na kurekebishwa.

KOSA LANGU

Guka akauliza kilichoila pampu ni nini. Mzee hakujibu. Aliomba kuona tunapoweka dizeli. Nikamwonyesha pipa nyuma ya nyumba. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea tangu mwezi wa nne, tukaweka kipande cha gunia. Akachovya kijiti, akakitoa. Chini kulikuwa na tope na maji.

Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza jerikani kutoka pipa hilo kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Guka alinipa kitambaa cha kuchujia, lakini kuchuja huchelewesha, nami nilikuwa naogopa kuchelewa gwaride. Filta nayo haikuwa imebadilishwa misimu mitatu. Bandu bandu huisha gogo. Mchanga ambao jicho halioni ulikuwa ukipita kila siku na kusaga chuma. Umri wa pampu ulichangia, lakini sisi tulimsaidia mzee kuanguka. Sikusema kitu siku hiyo. Nilimweleza Guka usiku, akaniambia tu, "Kesho utalala mapema, uamke mapema, uchuje."

SOMO LA KONGWA

Nilipomsimulia mwalimu wa Historia alinikumbusha mradi wa karanga wa Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka misitu kule Kongwa ili kulima karanga kwa eneo kubwa sana. Walileta matrekta mengi, na kwa kuwa mapya yalikuwa adimu baada ya vita, mengi yalikuwa yametumika tayari jeshini. Baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya hayo matrekta ililala ikingoja vipuri na mafundi, huku ardhi ikikauka ngumu kama saruji. Ukame na mipango mibaya vikamalizia. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea.

Nataja Kongwa kwa sababu wengi hudhani shida ya mkulima ni kukosa trekta tu. Trekta isiyo na mtu anayeielewa ni chuma cha kutagia kuku. Lakini 135 ya zamani, ambayo vipuri vyake bado vinapatikana na kila kitu chake kinaonekana kwa macho, inaweza kuendelea kumlisha mtu akiitunza.

MAONYO

Kabla sijamaliza, kuna mambo matano ambayo mzee alinifanya niyarudie kwa sauti.

Usimwage maji baridi kwenye injini moto, chuma chaweza kupasuka. Na usiipoze pampu ikiwa inazunguka, yaweza kukamatana ndani. Kitambaa tu, injini ikiwa imezimwa.

Usiweke kidole mbele ya nozo inayopuliza. Presha yake hupenya ngozi kama sindano, na dizeli ikiingia mwilini ni ya hospitali mara moja.

Usiunganishe stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini mbele ya gurudumu. Trekta ikiwa kwenye gia itakupita juu.

Usipulize ile dawa ya kopo ya kuwashia injini kwenye trekta yenye kipasha moto cha kuingizia hewa. Inaweza kulipuka.

Na usiwe na haya ya kuchuja dizeli.

MWISHO WA KISA

Ijumaa asubuhi mnunuzi wa ng'ombe alikuja na pesa mfukoni. Guka alimpa chai yenye maziwa ya ng'ombe huyohuyo, akamwambia biashara imekufa. Kisha akawasha trekta saa kumi na mbili alfajiri na hakuizima mpaka usiku. Nilimpelekea chakula, akala juu ya kiti injini ikinguruma. Jumamosi na Jumapili hali ilikuwa hiyohiyo. Nyanya alilalamika kuhusu kanisa, lakini nadhani hata yeye alikuwa ameyaona mawingu.

Mvua ilianza Jumapili usiku. Mashamba yote yalikuwa yamelimwa isipokuwa moja, la mama mjane anayekaa karibu na mto. Zile siku tatu tulizopoteza tukingoja kuuza ng'ombe ndizo zilizomkosesha. Udongo ukawa tope, trekta isingeingia. Guka alimrudishia pesa zake zote, na Jumamosi iliyofuata mimi, Guka na binamu zangu tukaenda kumlimia kwa jembe la mkono sehemu tuliyoweza. Tuliweza nusu ekari. Ndengu zake hazikuwa nyingi msimu huo.

Pampu ilitengenezwa mwezi wa kumi na mbili kwa pesa za kulima. Gharama haikufika hata nusu ya ile elfu sabini. Siku hizi Guka huizima trekta mchana, akala chini ya mgunga, akapanda na kuiwasha kama zamani. Pipa lina kifuniko chenye kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Kwa hivyo, mwenzangu, mashine yenu ikigoma, msikimbilie kuuza mifugo. Kaeni chini kwanza mwulizane: ilikuwa baridi au moto? Kuna moshi au hakuna? Ilizimika au ilizimwa? Na katika mtihani wa Kiswahili ukiulizwa tofauti ya kutendwa na kutendeka, ukisahau mifano yote ya kitabuni, mkumbuke ng'ombe wetu. Bado yupo, na juzi amezaa.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Wassalamu.